Daktari wa Mathari na ubongo wa Mwafrika uliodaiwa kulala

Simu ilitufikia jioni, zikiwa zimebaki dakika chache kipindi cha afya kimalizike. Mpigaji alikuwa kaka mmoja kutoka kijiji cha delta, ng'ambo ya Nyamisati, na mtandao ulikuwa ukikatika kila alipofika kwenye jambo lenyewe. Alikuwa na swali kuhusu karatasi. Dada yake, mama wa watoto wawili, ametibiwa ugonjwa wa akili kwa miaka kadhaa. Zile sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza tangu aanze dawa, lakini hajarudi kuwa kama zamani. Anabandika sufuria jikoni na kuisahau mpaka iungue. Anatumwa vitu vitatu dukani, anarudi na kimoja. Nyumbani wakasema ni uvivu.

Kaka mtu akampeleka hospitali moja mbali na kwao. Huko dada akaulizwa maswali: ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 akitoa saba saba, achore uso wa saa na mishale yake, aandike sentensi moja, ataje tarehe ya siku ile. Hakupata hata moja. Shule aliiacha darasa la pili, na kalamu hajaishika tangu hapo. Wakarudi na karatasi inayosema uwezo wake wa kufikiri uko chini.

Karatasi ile ikaingia kwenye kikao cha ukoo. Baba yao alikuwa amefariki na shamba la mpunga lilikuwa linagawanywa. Baba zao wadogo wakaisoma, wakaamua kwamba mtu ambaye hospitali imeandika hana akili hawezi kupewa sehemu yake. Kaka akatuuliza: je, karatasi inaweza kukosea? Maana dada huyu huyu, akiwa juu ya dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, ndiye anayewaambia siku ambazo bamvua litasukuma maji ya chumvi mpaka kwenye majaruba. Na kwa jambo hilo, alisema kaka, hajawahi kukosea.

Hatukuwa na jibu hewani. Kesho yake tulimtafuta mtaalamu wa afya ya akili, mama mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, na alitueleza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ugonjwa kama skizofrenia kweli hugusa kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Watu wengi wanajua zile sauti na yale mawazo ya kuandamwa, hawajui kwamba mgonjwa anaweza pia kushindwa kushika maneno matatu kichwani kwa dakika tano. Dawa hutuliza sauti vizuri zaidi kuliko inavyorudisha kumbukumbu. Kwa hiyo sufuria kuungua si uvivu. La pili, kipimo alichopewa yule dada hakikupima hayo peke yake. Kilipima pia shule. Kisha akatuambia kwamba kama tunataka kuelewa jinsi karatasi ya daktari inavyoweza kumpokonya mtu kitu, tusome habari za Carothers wa Mathari. Tumezisoma, na makala haya ni matokeo yake.

John Colin Carothers alizaliwa mwaka 1903 huko Simonstown, Afrika Kusini, mji wa bandari ambako Waingereza waliweka meli zao za kivita. Udaktari aliusomea London, katika hospitali ya St Thomas. Mwaka 1929 aliajiriwa na serikali ya kikoloni akapelekwa Kenya, na kwa miaka tisa akafanya kazi ya daktari wa wilaya. Hiyo ni kazi ambayo wazee wetu wanaikumbuka pia upande huu wa mpaka: daktari mmoja, watu maelfu, malaria, vidonda, kuhara, ukaguzi wa magereza, ripoti kwa serikali. Hakuna chochote katika miaka hiyo kinachoonyesha kwamba angekuwa mtu wa kuandika juu ya akili.

Mwaka 1938 mkuu wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, aliondolewa kazini. Serikali ilihitaji mtu wa kushika nafasi haraka, na Carothers akateuliwa. Hakuwa na mafunzo ya tiba ya magonjwa ya akili. Aliingia Mathari kama daktari wa kawaida na kujifunza kazi akiwa kazini, na cheti cha fani hiyo alikuja kukipata Uingereza mwaka 1946, baada ya miaka minane ya kuwatibu wagonjwa. Hatumlaumu kwa hilo. Hata sisi wengine tulishika kipaza sauti kabla ya cheti. Tofauti ni kwamba mtangazaji akikosea, msikilizaji anahama stesheni.

Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wale walioitwa vichaa, katika majengo yaliyokuwa yametengwa kwa wagonjwa wa ndui. Jina la Mathari ililipata mwaka 1924. Wodi ziligawanywa kwa rangi, Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao, na upande wa Waafrika ndio uliosongamana. Kwa koloni zima lenye mamilioni ya watu, hospitali ya aina hiyo ilikuwa hiyo tu. Na huku Tanganyika hali haikuwa tofauti sana: kulikuwa na Mirembe kule Dodoma na Lutindi ya wamisionari kule Usambara. Mgonjwa wa Rufiji angefikaje huko, kwa mtumbwi kisha kwa miguu kisha kwa treni, na nani angemlipia?

Swali hili la kufika ndilo linalobeba kosa la kwanza la Carothers. Alichukua kumbukumbu za Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943, akawahesabu, akawapanga kwa aina ya ugonjwa, kisha akalinganisha na takwimu za Uingereza na Marekani. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1947 katika jarida la madaktari la London. Aligundua kwamba Waafrika waliolazwa walikuwa wachache mno kulinganisha na idadi ya watu, na kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi na hamu ya kuishi, ilikuwa karibu haipo. Akatoa maelezo: Mwafrika wa kijijini haugui sana akili kwa sababu jamii inambebea mizigo, na sonona haimshiki kwa sababu hajilaumu, lawama huwatupia wengine, wachawi na mizimu.

Sasa tujiulize hapa Kibiti, nani hupelekwa hospitali ya akili? Ni yule anayetembea uchi barabarani Bungu, anayerusha mawe kituo cha mabasi, aliyewasha moto nyumba ya jirani. Polisi humkamata, mahakama humwandikia. Ndivyo ilivyokuwa Kenya ya mwaka 1940 pia: wengi waliofika Mathari walifika kwa sababu walivuruga amani. Mama aliyejifungua kisha akanyamaza, akawa hali, hasemi, anatazama mikoko kutwa nzima, huyo hakuna polisi anayemfuata. Anakaa nyumbani. Anaitiwa mganga. Akifa, inasemwa alikufa kwa maradhi. Carothers aliwahesabu waliofika mlangoni kwake, kisha akatoa hukumu juu ya wote ambao hawakufika.

Na hilo lilikuja kupimwa baadaye kwa namna ya haki zaidi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwafuata watu kule wanakokwenda kweli, yaani kwenye zahanati na kwa waganga wa jadi. Kwenye zahanati, karibu mtu 1 katika kila 4 alikuwa na sonona au hofu iliyopita kiasi. Kwa waganga ilikuwa karibu nusu yao. Ukitaka kujua huzuni ya watu wa Pwani imejificha wapi, usianzie kwenye geti la hospitali kubwa.

Lakini kilichompa Carothers jina duniani ni hoja yake juu ya ubongo wenyewe.

Alipofika Kenya alikuta mazungumzo hayo yameshapamba moto. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon, aliyekuwa Mathari kabla yake, alikuwa akihubiri kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa, na mwaka 1933 baadhi ya Wazungu wa Nairobi walianzisha chama cha kile walichokiita kuboresha mbari. Mtaalamu wa maabara, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini, akadai kwamba ni nyepesi na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la Mzungu. Maiti hizo zilitoka kwa watu maskini, wengi waliougua muda mrefu, na kipimo cha kulinganishia kilitoka kwa watu wa nchi nyingine walioishi maisha mengine kabisa. Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona kosa hilo. Wakati ule lilichapishwa kama sayansi.

Carothers hakuwa mtu wa aina ya Gordon. Aliamini zaidi malezi na mazingira kuliko damu, na hilo ni lazima lisemwe. Ila aliuchukua ule upimaji wa Vint akauweka mezani pamoja na ushahidi mwingine. Na ushahidi huo mwingine ulitoka mahali pa ajabu: kwenye upasuaji.

Miaka ile madaktari wa Ulaya walikuwa na shauku na upasuaji ulioitwa lukotomi. Mreno Egas Moniz aliuanzisha mwaka 1935 na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel. Daktari alikata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, na sehemu nyingine za ndani. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo tunayoitumia kupanga kesho, kujizuia, kushikilia jambo moja mpaka liishe. Wagonjwa waliokatwa walitulia, lakini wengi walibaki bila mipango, bila kujali, wakifanya lililo mbele ya macho tu. Carothers aliwajua wagonjwa wa namna hiyo. Na mwaka 1951 akaandika kwamba Mzungu aliyekatwa ubongo kwa namna hiyo anafanana kwa tabia na Mwafrika wa kawaida. Kwa maoni yake, Mwafrika ana sehemu hiyo ya ubongo, ila haitumii inavyotakiwa.

Tulipofika hapo tulisoma mara mbili. Hazungumzii mgonjwa. Anamzungumzia mkulima, mvuvi, mama wa sokoni, mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, na anamlinganisha na mtu aliyetobolewa fuvu.

Alijuaje kwamba Mwafrika wa kawaida hapangi kesho? Hakufanya jaribio la kupima hilo vijijini. Alitegemea wagonjwa wake, vitabu vya wasafiri na wanasayansi wa wakati wake, na yale Wazungu waliyokuwa wakiyasema kuhusu watumishi na vibarua wao. Kibarua anayelipwa kidogo na kutukanwa, asiyeona faida ya kumaliza kazi mapema, huandikwa kuwa hana uwezo wa kumaliza kazi. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kijungujiko kwa bosi mkali anajua kwamba kuonekana mzito wa kuelewa ni mbinu. Babu zetu waliolazimishwa kulima pamba ya Wajerumani katika bonde hili la Rufiji waliijua mbinu hiyo vizuri.

Na hebu tufikirie mpunga wa delta. Unapanda kwa kuhesabu mvua za huku pamoja na maji yatakayoshuka kutoka nyanda za juu, siku nyingi baadaye. Unajua mwezi ukiandama kutakuwa na bamvua, na ukifika wiki yake maji yatakuwa mafu. Unajenga dungu kabla ndege hawajaja. Mtu anayefanya hayo kila mwaka anatumia sehemu ya mbele ya ubongo wake mpaka inatoa moshi. Hakuna aliyemuuliza maswali ya namna hiyo.

Mwaka 1950 Carothers aliacha kazi Kenya akarudi Uingereza, akafanya kazi katika hospitali ya akili huko Portsmouth. Hadithi ingeweza kuishia hapo, daktari mstaafu na makala zake chache. Lakini Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikuwa changa bado, lilitaka kitabu kimoja kitakachoeleza akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, likamchagua yeye. Kitabu kilitoka Geneva mwaka 1953. Ndani yake mlikuwa na yale yale: takwimu za Mathari, sonona adimu, sehemu ya mbele ya ubongo isiyofanya kazi vya kutosha. Tofauti ni nembo iliyokuwa kwenye jalada. Maoni ya daktari mmoja kutoka hospitali moja yakawa sauti ya dunia nzima juu ya bara zima, kuanzia mvuvi wa Kilwa hadi mfugaji wa Senegal, ambao hakuwahi kuwatibu.

Ndipo ikaja Mau Mau. Serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Wakikuyu waliokula kiapo walikuwa msituni, makambi ya kizuizini yalikuwa yanajaa, na huko London watu waliuliza kwa nini. Serikali ilimwita Carothers arudi kueleza. Ripoti yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1954. Alieleza uasi ule kama tatizo la nafsi: watu waliotolewa kwenye mila zao kabla hawajafika kwenye ustaarabu mpya, wakabaki katikati na hofu, na viongozi wajanja wakaitumia hofu hiyo kwa viapo. Suala la ardhi iliyochukuliwa halikupewa uzito linaoustahili. Ripoti iliunga mkono kuwakusanya watu vijijini, na mpango huo, ambao serikali ilikuwa nao tayari, uliendelea: zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwenye makazi yao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na uzio na walinzi.

Sisi watu wa Rufiji hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro, Agosti 1905, na kwa miaka mingi vita vya Maji Maji viliandikwa kama wazimu wa watu walioamini maji yatageuza risasi. Ni kweli maji yalikuwepo. Pamba ya kulazimishwa nayo ilikuwepo, na kodi, na viboko. Mtawala akishaandika kwamba uasi ni ugonjwa, halazimiki tena kujibu madai ya waasi. Anamtafuta daktari.

Majibu yalichukua muda. Mwanzoni yalitoka kwa madaktari Waafrika wenyewe na wale waliofanya kazi Afrika. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique aliyekuwa daktari wa akili katika hospitali ya Blida, Algeria, hadi mwaka 1956, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, muda mfupi tu kabla hajafa. Alionyesha kwamba madaktari wa Kifaransa kule Algiers na Carothers huku Nairobi walikuwa wamefika kwenye maelezo yale yale, kila upande kwa njia yake, na maelezo hayo yalimfaa mkoloni kila mahali.

Jibu lililokuwa na uzito zaidi kwa maoni yetu lilitoka Nigeria, kwa sababu lilikuja na kazi ya mikono. Thomas Adeoye Lambo alianza hospitali ya Aro, Abeokuta, mwaka 1954, na badala ya kuwafungia wagonjwa aliwapangia nyumba vijijini, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kukaa naye. Kisha yeye na Alexander Leighton wa Marekani wakaenda kwa Wayoruba, mjini na vijijini, wakawauliza watu wazima nyumbani kwao. Matokeo yalitoka mwaka 1963. Dalili za sonona zilikuwa nyingi tu. Zilikuwepo muda wote. Zilisubiri mtu wa kwenda kuuliza. Lambo alipanda hadi kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers.

Carothers mwenyewe hakusimama pale pale. Mwaka 1959 aliandika makala nyingine, na hii ndiyo inayotugusa sisi tunaoishi kwa kutangaza. Safari hii hakuzungumzia sana ubongo. Alizungumzia kusoma na kuandika. Alisema Mwafrika wa kijijini anaishi katika dunia ya sauti, ambako neno lina nguvu na linamgusa msikiaji moja kwa moja, wakati Mzungu msomi anaishi katika dunia ya macho, ambako maneno yamekaa kwenye karatasi na mtu anaweza kuyatazama kwa mbali bila kuguswa. Tofauti za kufikiri, alidai, zinatokana na hilo. Msomi wa Canada, Marshall McLuhan, aliyapenda sana mawazo hayo, akayatumia kwa wingi katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uchapaji, na hivyo jina la Carothers likaingia kwa watu ambao hawakujua lolote kuhusu Mathari.

Tutakuwa wanafiki tukisema hakuna ukweli humo. Tunaona kila siku jinsi tangazo moja la redio linavyowahamisha watu kwenye mkondo kabla ya mafuriko, wakati bango la serikali limebandikwa wiki nzima bila mtu kulisoma. Lakini angalia alichofanya. Kama tofauti inatokana na shule, basi haikuwa kwenye ubongo, na ule mfano wa aliyekatwa ubongo ulipaswa kutupwa. Kwa kadiri tulivyosoma, hakuwahi kuufuta kwa sauti ile ile aliyoutangaza nayo. Mwaka 1972 alitoa kitabu kingine juu ya akili ya mtu wa Afrika. Alifariki mwaka 1989.

Mtaalamu wetu aliposikia tumemaliza kusoma alitupa habari nyingine, ya karibu zaidi. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitaka kuwapima wazee kama wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Walijua vipimo vya Ulaya vingewaangusha wazee wasiosoma hata kama akili zao ni timamu. Kwa hiyo wakatengeneza kipimo kingine, kilichotangazwa mwaka 2014. Mzee anasomewa maneno na baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi. Anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Na badala ya kupewa kalamu achore, anapewa njiti za kiberiti apange umbo analoonyeshwa. Njiti za kiberiti zipo kila nyumba. Mtu aliyeishia darasa la pili haogopi njiti kama anavyoogopa kalamu.

Kipimo hicho ni cha wazee na cha ugonjwa mwingine, hakiwezi kuchukuliwa tu na kupewa mama kijana mwenye skizofrenia. Lakini njia yake inaeleweka: ukitaka kujua ugonjwa umechukua nini, lazima kwanza ujue mtu huyu alikuwa na nini. Dada wa delta hakuwa na hesabu ya saba saba kabla ya kuugua. Kwa hiyo ugonjwa haukumnyang'anya hiyo. Alikuwa na uwezo wa kushika vitu vitatu vya dukani, na huo umepungua kweli. Alikuwa na bamvua, na bado analo.

Tulimweleza kaka haya kwa simu, polepole, na tukamwelekeza jinsi ya kuomba apimwe upya. Alimpeleka. Safari hii aliyempima alikaa naye kwa muda, akamuuliza kaka dada alikuwaje kabla, akamtuma kuleta vitu kutoka chumba cha pili, akamsomea maneno akamuuliza tena baada ya robo saa, akamuuliza hatua za kupanda mpunga kwa mpangilio. Karatasi mpya inasema kumbukumbu ya karibu ni dhaifu kutokana na ugonjwa, na kwamba anaelewa mambo yake na anaweza kuamua, ila asaidiwe kwa kukumbushwa. Tulimwomba kaka aisome hewani, akakataa. Alisema karatasi ya kwanza ilisomwa mbele ya watu wengi mno.

Shamba bado halijagawanywa. Kikao kingine kimepangwa baada ya mavuno, na baba mdogo mmoja ameshasema hatambui karatasi ya pili kwa kuwa ya kwanza ilikuwa na muhuri mkubwa zaidi. Dada yuko dunguni. Simu ya mwisho tuliyopigiwa na kaka, mwanzoni mwa wiki hii, ilikuwa ya kutuambia kwamba wamechelewesha safari ya boti kwa siku mbili kwa sababu dada amesema maji hayatatosha kwenye mkondo.